Chumba cha Milango Miwili

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilivuka Ndundu kwa pantoni kabla daraja halijajengwa, nimekaa juu ya masanduku ya barafu yangu mwenyewe, pantoni ikakwama katikati ya mto, na kabla hatujafika ng'ambo nilikuwa nimeuza barafu yote kwa abiria waliokuwa wanalia. Nimelala Mbwara kwenye dungu la kulinda mpunga, kiboko akanikoromea hadi kukacha, nikamkoromea na mimi. Kwa hiyo mwaka jana ilipoletwa kadi kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, imeandikwa kwa herufi za dhahabu "Ndugu Seifu Ndambwe na Bi Tatu Ndambwe", tunaalikwa kwenye mhadhara wa Profesa Rehema, sikushangaa. Nilimwambia huyo Bi Tatu, dada yangu, "Wamechelewa tu." Nilikuja kushangaa ndani ya ukumbi, pale Rehema alipobonyeza kidude mkononi na ukutani ikatokea picha ya chumba changu cha nyuma cha Kibiti: kitanda kimoja, neti, milango miwili, yote imechorwa kwa mistari kama ramani ya vita, na watu wenye miwani wakainama mbele kukitazama vizuri. Muda si mrefu Bi Tatu akanifinya paja. Sura hii naiandika kwa sababu ya ule mfinyo.

Habari za baba na babu nitaziruka, hazikunisaidia kupata hata friza moja. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, shule yangu darasa la nne, na tayari nilikuwa na friza tatu, jenereta moja, na nyumba ya vyumba sita kando ya barabara kuu. Nilinunua kamba na kaa kutoka delta, nikawafunika barafu, nikawapeleka mjini wakiwa bado hawajajua kwamba wamekufa. Watu wakiniuliza umeme wa kwangu unapatikanaje wakati mtaa mzima una giza, nilikuwa nawaambia umeme unaniogopa. Ukweli ni kwamba jenereta ilikuwa inajiwasha yenyewe. Niliifunga kwa mkono wangu bila kufundishwa na mtu.

Hiyo sifa ya umeme ndiyo iliyomleta Rehema. Alikuwa msichana wa Tanga, mwembamba, mwenye begi zito kuliko yeye, anasomea udaktari ambao si wa sindano. Alikaa sebuleni kwangu, Bi Tatu akamwekea mihogo ya nazi na papa, na yeye akala huku anaeleza mpaka chakula kikapoa. Alikuwa na masanduku matatu ya chuma, kila moja kompyuta. Moja litakaa Nyamisati kwa mama anayepima samaki, moja Mchukwi kwa mwalimu mmoja, na moja alitaka likae kwangu. Kila mahali wataandika uzito wa kamba na kaa, na masanduku yatapelekeana habari kwa mtandao wa simu ili yote matatu yawe na maneno yaleyale. Mtu akiandika kilo nane Nyamisati, basi Kibiti na Mchukwi nako ijulikane ni nane.

"Na mtandao ukikatika?" nikamuuliza, maana wa Nyamisati nilikuwa naujua.

"Hapo ndipo pa kazi yangu, kaka. Mawili yakikubaliana, hilo ndilo neno. La tatu likiwa limezimika, likiamka linauliza wenzake, linaambiwa, linafuata."

"Halibishi?"

"Halibishi."

"Basi halikutengenezwa Rufiji," alisema Bi Tatu, akamwongezea papa.

Yale masanduku yalitakiwa yafanye kazi siku thelathini bila yeye kuyagusa, halafu profesa wake aje mwenyewe kuyafungua na kusoma. Yakiwa yamekubaliana kote, Rehema ni daktari. Yakiwa yamepishana, fedha za masomo zimekwisha, anarudi Tanga kwa mama yake kufundisha watoto kubonyeza herufi. Aliyasema haya bila kunung'unika, kama mtu anayekuambia basi linaondoka saa ngapi. Kila mwenye kutunza sanduku alipewa daftari: mara tatu kwa siku aandike kama linawaka au limezimika, na saini yake. Nikamwambia daftari la kwangu angeweza kuanza kulijaza leo mpaka mwisho, neno moja tu: inawaka.

Nilimpangisha stoo iliyo nyuma ya chumba cha uani, nikamwapia kwamba waya wake unatoka mita moja kwa moja, hauguswi na mtu. Waya ulikuwa umepita kwenye tundu la ukuta, chini ya kitanda cha chumba hichohicho cha uani, ukachomekwa kwenye soketi ya humo. Lakini kwa macho ya nje ulikuwa waya mzuri sana.

Sasa kile chumba. Siku hiyohiyo, baada ya chai, Rehema aliendelea kueleza. Akasema sanduku lile si kompyuta moja. Ndani yake mna tano, zimefanywa kwa akili tu, na kila moja inaamini kwamba chuma chote kile ni chake peke yake.

"Hazionani?"

"Hazionani kabisa. Kuna programu moja inayozigawia zamu. Inamwondoa huyu, inaweka vitu vyake pembeni, inampangia yule vya kwake kama alivyoviacha, halafu inarudi. Upesi, kiasi kwamba hakuna anayejua aliondolewa."

Mimi nikacheka mpaka nikaweka kikombe chini. Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, lakini mtu mwenye busara angekuwa na friza moja. Nikamwambia, "Dada Rehema, elimu hiyo umeifuata Dar? Njoo."

Nikamwonyesha. Chumba kilikuwa na mlango wa ubavuni unaotazama barabarani na mlango wa uani. Mlango wa barabarani alikuwa na ufunguo wake Jongo, mkatisha tiketi wa stendi, anayeondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi baada ya isha. Mlango wa uani alikuwa na ufunguo wake Hemedi, mwoka mikate, anayeondoka saa kumi na mbili jioni na kurudi saa moja asubuhi. Kila mmoja nilimwambia mlango wa pili umepigwa misumari. Kila mmoja alilipa elfu kumi kwa mwezi, bei ya chumba kizima. Alfajiri Jongo akishatoka, Bi Tatu aliingia, akakunja shuka la bluu, akasukuma sanduku la Jongo stoo, akatandika shuka la maua, akatoa viatu na picha ya mama yake Hemedi, akaitundika kwenye msumari uleule uliokuwa na kalenda ya Jongo. Jioni akafanya kinyume. Miezi sita ilikuwa imepita hivyo na hakuna aliyejua kitu. Mara moja tu Jongo aliniambia, "Bosi, kitanda hiki mbona usiku kina joto?" Nikamwambia ni bati.

Rehema alisimama katikati ya chumba. Halafu akafungua daftari lake na kuandika amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. Alimuuliza Bi Tatu maswali ambayo sikuona maana yake: anatumia muda gani kubadilisha, anaanza na nini, aliwahi kusahau kitu? Bi Tatu akamwambia aliwahi kusahau kandambili moja, na Hemedi akaivaa wiki nzima akidhani mguu wake umekua.

"Na siku wakirudi wote wawili kwa pamoja?" Rehema akaniuliza mimi.

"Hawarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyepanga."

Hilo nalo aliliandika.

Hesabu ya siku thelathini ilianza wiki ya pili ya Shaabani. Rehema alikaa chumba cha mbele, akala kwetu, akawa mtu wa nyumbani. Siku moja moja aliniuliza, "Kaka Seifu, umeme haujakatika?" Nami nikamjibu, "Kwangu? Haukatiki." Badala ya kufurahi alikuwa anashusha pumzi. Niliona ni uchovu wa kusoma, nikamwambia Bi Tatu amwongezee samaki. Nyamisati na Mchukwi nako masanduku yalikuwa na betri kubwa kama majeneza, hayakupiga hata chafya. Wiki tatu zikapita hivyo, kila kitu kinawaka, na msichana anazidi kukonda.

Mwezi wa Ramadhani ulituingia ghafla. Kibiti kulikuwa na wingu, tulitazama mpaka shingo zikauma hatukuona kitu. Kukacha, ikaja simu kwamba Nyamisati wameuona, na Mchukwi wameuona. Rehema akacheka, akaniambia, "Mawili yamekubali, kaka. La tatu lifuate." Nikafunga bila daku, yeye akapanda gari kwenda Nyamisati kumtazama yule mama wa mizani. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili.

Nataka msomaji aelewe kwamba mpango wangu ulikuwa kamili. Nilikuwa nimehesabu safari za mabasi, nimehesabu tanuri la mikate, nimehesabu mvua. Kitu kimoja sikukihesabu, nacho ni wali maharage. Siku zote Jongo alikula mchana kwa mama ntilie wa stendi, akajinyoosha kwenye benchi lake mpaka saa tisa. Ramadhani mosi mama ntilie hakuwasha moto, benchi likaingizwa ndani, abiria wote walikuwa wamesafiri asubuhi na mapema. Saa sita na nusu mchana, kwa mara ya kwanza tangu anijue, Jongo akarudi nyumbani kulala.

Nilikuwa nagonga barafu niliposikia ile sauti yake ya stendi.

"Wewe nani unalala kitandani kwangu?"

Hemedi ni mtu mpole, sauti yake ina unga. "Kwako wapi? Mimi nimepanga hapa mwezi wa saba huu."

"Umepanga! Mwizi gani wewe unavua viatu ukavipanga mstari?"

"Na wewe mwizi gani una ufunguo?"

Nilipofika kila mmoja alikuwa ameshika upande wake wa kitanda, Jongo anakivutia barabarani, Hemedi anakivutia uani, neti imechanika imewafunika wote wawili kama maharusi. Wote wana swaumu, hakuna mwenye nguvu ya kumaliza ugomvi. Nikamvuta Jongo pembeni, nikamwambia yule ni binamu yangu wa Mchukwi, amezidiwa na kiu, nimemlaza hapo kidogo kwa ajili ya Mungu. Jongo akalegea, akasema binamu amsamehe. Nikamrudia Hemedi, nikamwambia yule ni fundi wa bati, ana wazimu kidogo lakini mkono wake mzuri. Hemedi akasema masikini. Nikamwambia Jongo kwamba mwezi mtukufu wote, kwa heshima yake, mchana atapumzika kwenye mkeka wa sebuleni kwangu. Nilitoka pale nikijiona nimezaliwa na akili ya ziada. Saa tisa nikapita kwenye daftari, nikaandika "Inawaka", nikatia saini, kama kawaida, bila kutazama.

Saa kumi kasorobo niliingia stoo kuchukua kamba ya kufungia, nikaona sanduku halina hata taa moja. Nilipoinama chini ya kitanda, waya ulikuwa umeng'oka na soketi yake imepasuka. Nikaiunga, taa zikawaka, feni yake ikaanza kuvuma. Nilikaa chini palepale sakafuni. Nilijua nimemuua mtoto wa watu. Ningeweza kukata lile neno kwenye daftari na kuandika la kweli. Kalamu ilikuwa sikioni. Lakini nikiandika la kweli ataniuliza waya uling'olewa na nani, na waya ulifikaje huko, na jibu lina milango miwili. Nikaacha.

Rehema aliporudi kesho yake aliuliza, "Mambo salama, kaka?"

Nikamwambia, "Salama." Neno fupi, na mpaka leo sijaona zito kuliko hilo.

Siku ya thelathini Profesa alikuja. Mzee mrefu mwenye kofia ya majani, si Muislamu, lakini alikataa maji mpaka adhana kwa kutuheshimu. Nami, kwa kuwa siwezi kupokea mgeni mkubwa kwa watu wachache, nilikuwa nimewaalika wapangaji wangu wote futari, waombe ruhusa kazini, ili sebule ijae. Jongo upande huu wa mkeka, Hemedi upande ule, katikati uji wa pilipili manga, tambi, kamba wa nazi, na mikate ya Hemedi mwenyewe. Jongo alikuwa anamuuliza "binamu" kama kiu imepungua; Hemedi akamjibu taratibu, kama unavyomjibu mwenye wazimu, na kumuuliza bati zinaendeleaje.

Profesa alikuwa ameshafungua masanduku alasiri. Alipomaliza uji aliweka makaratasi mapajani, akavaa miwani.

"Rehema, uzito wote umekubaliana, gramu kwa gramu. Ila kuna jambo. Siku ya ishirini na mbili, Nyamisati na Mchukwi wanasema Kibiti ilipotea kwa muda wa saa tatu na robo, kisha ikarudi. Na hapa nina daftari la Kibiti. Limesainiwa saa tisa mchana, katikati ya kupotea huko: inawaka." Akatugeuzia ukurasa. "Ama daftari limesema uongo, ama masanduku yako yameota. Masanduku yanayoota siwezi kuyatia saini. Itabidi uanze upya."

"Hakuna fedha ya kuanza upya," Rehema alisema.

"Najua."

Rehema alilitazama lile daftari, halafu akanitazama mimi, na badala ya kuuliza akamwambia Profesa, "Basi kosa ni langu. Kaka Seifu namjua. Akiandika inawaka, ilikuwa inawaka."

Nimeshatukanwa na watu wazima, nimeshaitwa tapeli kwenye mnada, sikuwahi kuumia. Ile sentensi iliniumiza. Bi Tatu, aliyekuwa mlangoni na jagi, alikohoa mara moja. Sijui kusoma sana, lakini kikohozi cha dada yangu nakisoma vizuri.

"Daftari ndilo lililosema uongo," nikasema. "Waya uling'oka saa sita na nusu. Niliandika bila kutazama."

"Uling'oka vipi?" Profesa akauliza. "Si ulikuwa unatoka mita?"

Basi nikasema yote, toka waya mpaka kitanda, mpaka shuka la bluu na shuka la maua. Nilipofika kwenye msumari wa kalenda, Hemedi aliacha kutafuna. Jongo akageuza shingo polepole akamtazama.

"Kwa hiyo wewe si binamu."

"Na wewe si fundi bati."

"Lile joto," Jongo alisema, ananigeukia. "Miezi saba unaniambia bati."

Profesa hakuwajali. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wangu, kalamu mkononi. "Subiri. Hukulizima sanduku kwa makusudi? Hukuambiwa na huyu binti?"

"Niambiwe nini? Mimi nilidhani nimemharibia maisha."

"Na uliporudisha waya, ulibonyeza kitu?"

"Nilibonyeza kifua changu."

Akamgeukia Rehema, na nilipomtazama Rehema machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. Ndipo nikaelezwa. Profesa alikuwa amemwambia, masanduku yakiwa yameshawekwa, kwamba sanduku lisiloanguka halijathibitisha kitu, na kuling'oa mwenyewe ni kama golikipa kujipigia mpira. Lilitakiwa lianguke lenyewe, kwa ujinga wa dunia, bila mtunzaji kujua kwamba linasubiriwa kuanguka. Siku ishirini na moja alikuwa anaomba umeme wangu ukatike, na mimi nikamringia kila siku. Sanduku lilianguka, mawili yakashika neno, la tatu lilipoamka likafuata bila kubisha. Hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake. Ilikosa shahidi tu wa kusema kwamba kweli lilianguka.

Profesa alitia saini palepale, karatasi ikapata doa la nazi.

Mimi sikupata saini. Jongo na Hemedi, ambao dakika kumi nyuma walikuwa tayari kuumana, walisogeleana wakaanza kunong'ona kama ndugu wa tumbo moja, kisha wakaja na neno moja: kila mmoja arudishiwe nusu ya kodi ya miezi saba. Elfu thelathini na tano huyu, elfu thelathini na tano yule. Neti elfu tano na mia tano, soketi elfu moja mia nane. Nililipa mbele ya Profesa, nikitabasamu. Halafu wakaamua kuendelea kukaa pamoja, kwa vitanda viwili, elfu tano kila mtu, na wakawa marafiki mpaka leo.

Niliamini mambo yamekwisha hapo. Miaka yote hii nimeisimulia hadithi hii kwenye mnada na msibani, na hesabu yangu ilikuwa ileile, elfu sabini na saba na mia tatu, bei nafuu kwa kutengeneza profesa. Mpaka mwaka jana, ukumbini. Rehema, mwili umejaa sasa, miwani shingoni, alielekeza ile picha ukutani akasema, "Mwenye chumba aliniambia hawawezi kurudi pamoja kwa sababu yeye ndiye aliyepanga. Kazi yangu yote tangu siku ile ni kuijibu sentensi hiyo." Watu wakacheka, mimi nikainua mkono kuwapungia. Kisha akasema, "Lakini kuna kosa lingine, ambalo tulilifanya sote. Tulihesabu kitanda, tukahesabu wapangaji. Hatukumhesabu aliyekuwa anabadilisha shuka. Kugawa kitu kimoja kwa watu wawili si bure. Kuna anayelipia kwa jasho, na mashine nyingi zimeanguka kwa kumsahau." Akaonyesha kiti cha mbele. "Yupo hapa."

Ukumbi ulisimama kumpigia makofi Bi Tatu. Yeye hakusimama. Alikuwa amekunja vidole anahesabu, midomo inacheza, na ndipo aliponifinya paja.

"Siku mia mbili na kumi," akaninong'oneza huku makofi yanaendelea. "Mara mbili kwa siku. Mia tano kila mara, kwa kuwa wewe ni mdogo wangu."

"Tatu, dada yangu, mbele za watu."

"Nitapokea kesho Kibiti. Taslimu."

Nilimpa kesho yake, sebuleni, juu ya mkeka uleule. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pembe ya khanga, akaniuliza kama nimekula. Kwa hiyo wanaonisikia nikitaja ile bei ya zamani kwenye mnada waniwie radhi, ilikuwa haijakamilika. Chumba kile kilinigharimu shilingi laki mbili, themanini na saba elfu na mia tatu.